Muulize Mjomba: Niuze kinanda au nirudi Pangani?

Toleo hili barua tatu, na zote zina Berlin ndani yake. Sikupanga hivyo, ndo zilivyoingia. Ya kwanza ni ndefu, nimeikata kidogo, mengine nimeacha kama alivyoandika mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi ni kijana wa miaka 24, kwetu Pangani, nasoma uinjinia hapa Berlin, nilifika mwaka jana mwezi wa tisa. Jina langu usilitoe tafadhali, grupu letu la WhatsApp limejaa watu wa Tanga, habari itafika nyumbani kabla gazeti halijatoka. Iko hivi. Nyumbani nilikuwa napiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu cha mtaani, sio kikundi chenye jina, tunapiga harusi tu na sherehe za watu. Huku nikanunua kinanda cha mtumba euro 80, nikawa napiga jioni nikitoka chuo. Haikupita muda jirani wa chini akaanza kugonga dari yake na fagio, alafu siku nakuta karatasi mlangoni kwa kalamu nyekundu, eti hapa sio disko. Tangu siku hiyo ni hedifoni tu. Nyumba tunakaa wanne, kila mtu ana rafu yake kwenye friji na kila mtu mlango kafunga, tukikutana jikoni ni hallo basi imeisha. Chuo kipindi kikiisha watu wanabeba mabegi wanapotea, kantini nakula peke yangu naangalia simu. Jumapili ndo balaa lenyewe, maduka yote yamefungwa, barabarani kimya, mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni ni giza, najifunika blanketi nasikiliza nyimbo za zamani za Tanga, Black Star na Lucky Star, mpaka saa tisa usiku, asubuhi kipindi cha kwanza sikiwahi. Nyumbani siwezi kusema. Mama aliuza shamba la minazi ili ile hela ya kuonyesha benki nipewe viza ipatikane, sasa ntamwambia nini, kwamba nina upweke? Wataniona sina shukrani. Sa nyingine nahisi mi ndo Mswahili wa kwanza kupotelea kwenye mji huu. Niuze kinanda nipunguze kero na majirani, au nifunge tu mizigo nirudi?

JIBU: Marahaba mpwa. Kinanda usiuze.

Tuanze na huyo jirani maana yeye ni mwepesi. Ujerumani kupiga ala nyumbani kwako sio kosa hata kidogo. Mwezi wa kumi 2018 mahakama kuu ya shirikisho iliamua kesi ya mpiga tarumbeta, nasema tarumbeta mpwa, sio kinanda cha euro 80, jirani kamshtaki anataka asisikie kitu kabisa. Majaji wakakataa. Wakasema kupiga mziki nyumbani ni sehemu ya maisha ya kawaida ya binadamu na huwezi kumfungia mtu moja kwa moja, wakatoa na kipimo cha kukadiria, masaa mawili mpaka matatu siku za kazi, na saa moja mpaka mawili Jumapili na sikukuu. Usiku unanyamaza, na usiku wa Berlin kisheria unaanza saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili siku nzima nayo ni ya utulivu, mtu akitoboa ukuta kwa drili siku hiyo ni ugomvi wa mtaa mzima, kwa hiyo Jumapili piga kidogo na piga mchana. Ila mkataba wako wa nyumba unaweza kuwa na masaa yake, usome, na usome na lile tangazo lililobandikwa kwenye ngazi ambalo nina hakika unalipita kila siku.

Alafu kuna jambo ambalo wapiga vinanda wengi hawalijui. Hata ukivaa hedifoni jirani wa chini anasikia. Hasikii wimbo, anasikia ti ti ti ya vidole vikigonga funguo na mguu ukikanyaga pedali, ile mitikisiko inashuka kwenye miguu ya stendi inaingia kwenye sakafu inatokea kwenye dari yake, na kelele isiyokuwa na wimbo inaudhi kuliko yenye wimbo. Tafuta kipande cha zulia zito au mpira mnene weka chini ya stendi. Ukishaweka, shuka ngazi jioni moja ya katikati ya wiki, bonyeza kengele, jitambulishe, mwambie unapiga kinanda na unataka kujua saa ngapi haitamsumbua. Usiende na maelezo marefu. Watu wa huku ukiwauliza saa wanalainika kuliko ukiwaomba radhi, na akikwambia kati ya saa kumi na moja na saa moja basi hiyo ishakuwa ahadi, hata yeye ataona haya kuchukua fagio.

Sasa tuje kwenye lile zito.

Wewe unasubiri watu, na Berlin watu hawaji. Sio kwamba wanakuchukia, wengine wanakuchukia kweli na hao utawajua mapema tu, ila wengi wao hata Mjerumani mwenzao aliyehamia jana kutoka Bavaria hawamsogelei. Kwetu mtu anapita anaona mlango wazi anaingia anakuta chai, urafiki umeanza. Huku urafiki unaandikwa kwenye kalenda. Mwenzako wa darasani akikwambia tunywe kahawa Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi na nusu, usimwone ana maringo wala usijibu tutaona, hapo kakupa kitu, shika, na uwepo saa kumi na nusu, sio saa kumi na moja. Na wewe ukitaka mtu muombe siku na saa. Hii ya "siku moja tuonane" huku haina maana yoyote, itaelea hewani mpaka umalize digrii.

Kwa hiyo unachohitaji ni kitu kinachokutana kila wiki saa ileile na watu walewale, na bahati yako ni kwamba una mikono ya mziki. Angalia chuoni kwako kwanza, vyuo vikubwa vya mji ule vina kwaya, okestra na bendi za wanafunzi, wanapokea watu mwanzo wa muhula, na mpiga kinanda anayeweza kumfuata mwimbaji bila karatasi ya nota sio mtu wa kupatikana kila siku, ingawa watakushangaa kidogo kwamba husomi nota, wewe waache washangae. Kama chuoni pagumu, Berlin ina wilaya 12 na kila wilaya ina shule yake ya mziki na shule yake ya watu wazima wanayoiita Volkshochschule, bei zake ni za manispaa na mwanafunzi anapunguziwa. Mazoezi yenyewe utakuta watu wamekaa kimya wanapiga wanamaliza, usikate tamaa, urafiki hauko kwenye mazoezi, uko baada ya mazoezi pale wanapokwenda kunywa. Wewe agiza juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, kila baa wanayo, kaa nao. Ukikimbilia treni kila mara utakuwa umelipia kozi tu.

Lakini kuna sehemu moja nataka uende kabla ya hizo zote, maana naona umekaa Berlin miezi yote hii unawatafuta watu kwa pasipoti, Watanzania wako wapi, watu wa Tanga wako wapi, na hao ukiwapata kumbe grupu zima wanaongelea bei ya kusafirisha gari. Watafute kwa masikio. Taarabu yako wewe imekula chumvi moja na mziki wa Misri tangu enzi za mabibi, zile ala za nyuzi, fidla, udi, kanuni, zile sauti zinazopinda ambazo mwalimu wa piano wa Kizungu atakwambia hujapatia. Sasa panda treni ya U7 au U8 shuka Hermannplatz. Pale ndo Sonnenallee inapoanzia, barabara ndefu ya maduka ya Kiarabu, mikate, kahawa ya iliki, vinyozi, Wapalestina na Walebanoni wa siku nyingi, na baada ya 2015 Wasiria wengi sana, na kati yao kuna wapiga udi na wapiga kanuni waliokuja na ala zao begani. Katikati ya mji kuna hata chuo cha mziki, Barenboim-Said Akademie, kilianza kupokea wanafunzi 2016, wengi wao vijana kutoka Mashariki ya Kati, na ukumbi wao wa Pierre Boulez Saal ulifunguliwa mwaka uliofuata. Nenda kasikilize, kaa mbele, ikiisha mfuate mpiga udi umwambie wewe ni mpiga kinanda wa taarabu kutoka pwani ya Tanganyika. Lugha itakatika njiani, Kijerumani chako kibovu na chake kibovu, lakini mkiwekwa mbele ya ala mtaelewana haraka kuliko utakavyoelewana na hao watatu wa kwenye friji.

Ukiwa hapohapo Hermannplatz, tembea kidogo upande wa pili kuelekea Hasenheide, kuna mtaa unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Ndio, Lucy Lameck wetu wa Moshi, mwanasiasa wa TANU. Mtaa umepewa jina lake 2021. Kabla ya hapo ulikuwa na jina la Wissmann, kamanda wa kikoloni wa Kijerumani, na wewe mtu wa Pangani huhitaji kuelezwa Wissmann ni nani, ndo jeshi lake lililomnyonga Abushiri kwenu mwezi wa kumi na mbili 1889. Mi sio mtu wa kulia kwa ajili ya kibao cha mtaa ila pale nilisimama.

Na hilo la kuwa Mswahili wa kwanza kupotelea Berlin, umechelewa zaidi ya miaka mia mpwa. Kiswahili kinafundishwa mji ule tangu chuo cha lugha za mashariki kilipofunguliwa 1887, na waliokuwa wakiwafundisha Wajerumani walikuwa watu wa pwani, Sleman bin Said, Amur bin Nasur wa Unguja, kisha 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, huyuhuyu wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Mtoro alioa Mjerumani, 1905 akataka kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni ikawakatalia wasishuke Dar es Salaam. Akarudi Ujerumani akaishi huko mpaka alipokufa 1927. Miaka miwili baadaye akafika Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar 1904, alikuwa askari wa Mjerumani akiwa bado mtoto kwenye vita ya kwanza ya dunia, alikuja kudai mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu kwenye Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, jumba la starehe lenye migahawa na bendi za kila namna, akaigiza vipande vidogo kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Manazi wakamkamata 1941 kwa kuwa na mwanamke wa Kijerumani, akafa kambini Sachsenhausen tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1944. Jiwe lake la kumbukumbu la shaba lipo barabarani Brunnenstraße 193, liliwekwa 2007. Sikwambii haya ili ujione mambo yako madogo. Nakwambia kwa sababu mji huo una watu wako ndani yake, na leo hii chuo kikuu cha Humboldt bado kuna wanafunzi wa Kijerumani wanasoma Kiswahili na wanatafuta mtu wa kuongea naye hata saa moja kwa wiki, wao wakusahihishe Kijerumani wewe uwasahihishe ngeli. Bandika tangazo kwenye ubao wao. Kama unataka mkongwe zaidi kuna yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria, kwenye makumbusho, mtu wa Lindi huyo, kimo mita 13 na ushee, kafukuliwa kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo hajapewa tiketi ya kurudi.

Kuhusu usiku. Zile nyimbo za Black Star na Lucky Star hata mi nazipenda, Shakila akianza kuimba naacha kazi, ila zilitengenezwa zipigwe ukumbini watu wakatunze, hazikutengenezwa kwa mtu mmoja chini ya blanketi saa nane usiku. Simu ilale jikoni. Nasema kwa uzito kidogo: kutolala wiki kwa wiki, kukosa vipindi, kutoona hamu ya chakula, hayo ukiyaona yanaendelea usiyaite upweke tu ukanyamaza. Shirika la huduma za wanafunzi, hao hao wenye kantini yenu, wana washauri wa kisaikolojia bure kwa mwanafunzi, weka miadi. Na usiku ukibana sana kuna simu ya Telefonseelsorge, 0800 111 0 111, bure, usiku na mchana, husemi jina lako.

Mama mwambie. Sio yote. Mwambie "mama huku watu wachache na baridi kali, nimekumbuka nyumbani", hiyo sio kukosa shukrani, na mama aliyeuza minazi anajua uzito kuliko unavyomdhania. Akituma maneno ya kukutia moyo yatakuwa na faida zaidi ya nyimbo.

Na kurudi? Usiamue mwezi wa kwanza, hakuna mtu mwenye akili anayeamua kitu Berlin mwezi wa kwanza. Subiri mwezi wa sita, jua linazama saa tatu na nusu usiku, bustani ya Mauerpark Jumapili imejaa ngoma na magitaa na watu wanaimba karaoke mbele ya umati wasiowajua, hao hao waliokuwa hawakusalimii kwenye lifti. Beba kinanda na betri uende. Ukiona bado moyo hautaki, basi rudi kwa akili timamu, na mi mwenyewe ntakuandikia cha kumwambia mama.

SWALI: Sasa Mjomba. Mi ni msichana wa Nairobi, niko Berlin mwaka wa pili, nasoma na pia mi ni DJ, amapiano, gengetone, na singeli kidogo ile ya kuchanganya watu. Klabu moja Kreuzberg wamenipea Ijumaa, wanalipa euro 200 lakini wanataka niwatumie invoisi. Marafiki wanasema chukua tu pesa, nani atajua. Nichukue?

JIBU: Invoisi usitume kwanza. Kibali cha mwanafunzi kinakuruhusu kuajiriwa, siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, hiyo ndo hesabu tangu mwezi wa tatu 2024. Lakini invoisi maana yake umejiajiri, na kujiajiri kunahitaji ruhusa ya ofisi ya uhamiaji, haiji yenyewe. Toa ile karatasi ya nyongeza uliyopewa pamoja na kadi ya ukaazi, usome walivyoandika kuhusu kazi, wengi hawajawahi kuifungua. Kama imekataza, andika ombi, eleza ni kazi ndogo ya mziki isiyoharibu masomo, huwa wanatoa. Ama uliza klabu kama wanaweza kukuajiri kwa usiku huo badala ya invoisi. Hao wanaosema nani atajua, invoisi ina jina lako, anwani yako na akaunti yako, wewe mwenyewe ndo umeandika. Kuhusu singeli, dada, kule wanaijua tayari, kanda ya Sounds of Sisso kutoka Mburahati, Dar, ilitoka 2017 kwa watu wa Kampala wa lebo ya Nyege Nyege Tapes na ikazunguka Ulaya yote, kwa hiyo usiipige kwa woga eti kidogo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi nakuita kaka, Mjomba ni wa watoto. Niko Tanga, kijana wangu yuko Berlin, nikimpigia baada ya isha ananijibu mbiombio kama nimemkamata njiani. Mwezi ujao kuna jamaa anasafiri kwenda huko, nataka kumpa samli ya ng'ombe, ng'onda, dagaa, nazi na embe. Vitafika?

JIBU: Wa alaykum salaam dada. Kweli unamkamata njiani. Wakati wa baridi wao wako nyuma yetu masaa mawili, wakati wa joto saa moja, kwa hiyo saa mbili usiku ya Tanga kwake ni saa kumi na mbili jioni, yuko kwenye treni kashika bomba. Piga saa nne usiku, atakuwa chumbani. Akichelewa kupokea muachie sauti kwenye WhatsApp, ndefu, hata kama ni habari za kuku, atasikiliza akiwa anapika.

Mzigo sasa. Samli toa, vitu vya maziwa na nyama kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi, watamwagia palepale uwanjani na jamaa wa watu aulizwe maswali. Ng'onda na dagaa ruksa, samaki wa matumizi ya mtu binafsi wanaruhusu mpaka kilo 20, wewe mpe kilo mbili zinamtosha. Nazi ruksa bila karatasi yoyote, pamoja na ndizi, nanasi na tende. Embe ndo zinataka cheti cha afya ya mimea, na hicho cheti utahangaika nacho kuliko embe zenyewe, kwa hiyo zianike ziwe kavu au mtengenezee achari, ifungwe vizuri kwenye chupa ya plastiki, na iende kwenye begi kubwa, sio la mkononi, maana chochote cha majimaji cha zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi wataanza kubishana nacho hapahapa Dar.